Jibu: Je, kaboni dioksidi iliyozikwa ardhini haitavuja?

Ndugu, umeuliza ni kitu gani kitakachoizuia kaboni dioksidi iliyozikwa ardhini isivuje kupitia nyufa za miamba. Hofu hiyo ina msingi pale inapohifadhiwa ikiwa bado gesi. Hata hivyo, katika kituo cha jotoardhi cha Hellisheiði, nchini Aisilandi, ambako mradi wa CarbFix ulianza kuisukuma ardhini mwaka 2012, gesi huyeyushwa katika maji, na maji hayo, kwa kuwa ni mazito kuliko maji ya kawaida, hayapandi juu. Yakiwa na asidi, huumega mwamba wa basalti (mwamba wa volkano) na kutoa kalisi, magnesi na chuma, ambavyo huungana na kaboni na kuwa madini magumu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 95 ya gesi hiyo iligeuka madini ndani ya miaka miwili. Hata pampu ya kisima cha uchunguzi iliziba kwa kalisiti, mojawapo ya madini hayo, ushahidi ambao kwangu mimi unashawishi kuliko hesabu yoyote. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maji, kwani tani moja ya gesi huhitaji takriban tani 25 za maji, mzigo mkubwa mno kwa maeneo kame.