Cheo ninacho, kliniki inanishinda

Swali: Shikamoo dada. Nilikuwa nesi wa ICU katika jeshi la nchi kavu la Marekani. Sasa nimehitimu kama muuguzi tabibu wa familia, yaani nesi anayepima na kutibu mwenyewe, nimepangiwa kliniki ya kambini, cheo kapteni. Wagonjwa wanaingia kila dakika 20, jioni nabaki na mafaili kibao, na kuuliza naona aibu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera.

ICU ulikuwa na mgonjwa mmoja au wawili, daktari kashaandika ugonjwa. Sasa mtu anakuja na "kichwa tu", na wewe ndiye wa kuamua ni nini, umpe dawa, umruhusu aende nyumbani. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, hata nesi mkongwe huianza chini. Jeshini inazidi ugumu kwa sababu watu husoma cheo kifuani wakadhani uzoefu umekuja nacho. Kama msaidizi wa daktari (naye hupima na kutibu wagonjwa) aliye chini yako kwa cheo amekaa kliniki miaka mingi, mgongee mlango. Mchukue hata akuangalizie goti moja la mgonjwa wako.

Kuhusu ratiba, mwandikie mkuu wa kliniki barua pepe, usiishie kuongea koridoni. Omba dakika 40 kwa mgonjwa mwezi wa kwanza, 30 wa pili, ndipo 20. Si upendeleo: uraiani mafunzo ya mwaka mzima kwa wahitimu kama wewe yapo tangu 2007, yalipoanzia jimbo la Connecticut. Tena kila mtoa huduma mpya hufanyiwa tathmini ya awali, mafaili yake yanapitiwa. Wengi huiogopa, mimi ningeomba anayeyapitia awe ndiye mlezi wangu, tukae naye kila wiki, tuzungumzie wagonjwa walioninyima usingizi.

Mafaili ya jioni: andika uamuzi wako na mpango wa matibabu mgonjwa akiwa bado kwenye kiti. Maelezo mengine yanaweza kusubiri saa moja, hayo mawili hayasubiri.

Halafu kuna jambo ambalo shule huligusia juujuu, vyeti vya kupunguziwa kazi unavyomwandikia askari mgonjwa. Usiandike "mazoezi mepesi". Andika asikimbie, asibebe begi la mgongoni, hadi tarehe fulani. Kamanda akipiga simu, mweleze askari anaweza nini na hawezi nini. Historia ya ugonjwa isiyohusu kazi yake, baki nayo.