Ukianza Kiingereza cha Shakespeare, jihadhari na maneno unayoyajua

Wewe unayeanza kusoma tamthilia za Shakespeare kwa Kiingereza chake, najua kinachokutisha: "thou", "hath", "doth". Hayo yasikunyime usingizi. Ugeni wake unaonekana waziwazi, utayatafuta kwenye kamusi mara moja, na baada ya muda mfupi utayazoea. Yanayowaangusha wanafunzi wangu ni maneno wanayoyatumia kila siku, ambayo karne nne zilizopita yalibeba maana nyingine kabisa. Hayo hayapigi hodi.

Nitatumia Julius Caesar, kwa sababu wengi huanza nayo, na kwa sababu tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1963, kwa hiyo una pa kulinganishia. Tamthilia yenyewe ilichezwa London mwaka 1599.

Sehemu ya tatu (Act 3) ya tamthilia hiyo, Metellus anapiga magoti mbele ya Caesar kumwombea ndugu yake aliyefukuzwa nchini. Caesar anamwambia: "Be not fond". Leo mtu aliye "fond" ni mwenye kupenda. Mwanafunzi anaandika "usipende", na kuanzia hapo jibu zima la Caesar linampotea. Enzi hizo "fond" alikuwa mpumbavu. Caesar anamwonya mwenzake asiwe mjinga wa kudhani kwamba kubembeleza kutamlainisha. Neno lilianza kwa mpumbavu wa kawaida, likahamia kwa aliyepumbazwa na mapenzi, mwisho upumbavu ukadondoka yakabaki mapenzi. Ukishaijua njia hiyo, hulisahau tena.

Brutus naye, akiwahutubia Warumi baada ya yeye na wenzake kumuua Caesar, anasema: "Censure me in your wisdom". Hawaombi wamkaripie, ingawa ndivyo neno linavyotumika leo. Anawaomba wampime kwa busara yao, kisha waamue. Mzizi wake ni wa Kilatini na maana yake ni kukadiria, na ndiko ilikotoka hata sensa tunayohesabiwa sisi. Portia anapomuuliza mumewe, Brutus, kama ni "physical" kutembea kifua wazi kwenye unyevu wa alfajiri, anauliza kama kunafaa kwa afya.

Lakini neno ninalolipenda zaidi ni "knave". Mwanzoni kabisa mwa tamthilia, ofisa mmoja anamfokea fundi viatu: "thou naughty knave". Ni tusi, na ni kali kuliko unavyodhani, maana "naughty" haikuwa ya mtoto mtukutu tu. Imetokana na "naught", yaani si kitu, na ilimaanisha mtu mbovu asiyefaa. Sasa nenda sehemu ya nne. Usiku umekwenda, Lucius, mtumishi mdogo wa Brutus, amesinzia na kinanda chake mikononi. Brutus hataki kumwamsha. Anamwambia kwa upole: "Gentle knave, good night".

Neno ni lilelile, lakini hapa Brutus hatukani. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya mvulana tu, na Wajerumani mpaka leo humwita mvulana "Knabe". Kutoka mvulana likawa mvulana wa kazi, kisha mtumishi, kisha laghai. "Villain" alipita njia hiyohiyo: alikuwa mtu wa shamba, akageuzwa mwovu. Mimi hapo naona dharau ya mabwana kwa watu waliowatumikia, imehifadhiwa ndani ya lugha. Msomaji asiyejua historia hiyo atadhani Brutus anamtukana mtoto aliyelala, na ataukosa wakati ambapo muuaji huyu anaonyesha huruma yake yote.

Utajuaje kwamba neno limekuhadaa? Sentensi itakuwa sawa kisarufi, ila haitaingia kwenye kinywa cha huyo anayeisema. Ukihisi hivyo, simama, usilazimishe. Kamusi ndogo ya mwanafunzi haitakusaidia, kwa sababu inatoa maana za leo. Soma maelezo ya chini ya ukurasa, na ukiweza ingia maktaba ukaione Oxford English Dictionary, iliyoanza kutoka mwaka 1884 na kukamilika 1928. Inapanga maana kwa umri, na kila maana ina sentensi zenye mwaka wake. Mwenye intaneti pekee aanzie Etymonline, tovuti ya asili za maneno ya Kiingereza, ni bure.

Kama unasoma Biblia ya Kiingereza ya 1611, weka ya Kiswahili pembeni. Katika 1 Wathesalonike 4:15 utakuta "prevent", na utadhani ni kuzuia. Biblia yetu inasema "hatutawatangulia", na ndiyo maana halisi: neno lilianza kama kutangulia, kuwahi mbele.

Angalizo moja zaidi, kwa sababu utamu wa asili za maneno huleta uzushi mwingi. Utaambiwa "news" ni herufi za kwanza za pande nne za dunia kwa Kiingereza. Si kweli, ni wingi wa "new", yaani mambo mapya. Ukipewa hadithi nzuri namna hiyo, muulize msimulizi neno hilo lilionekana lini na katika maandishi gani, na usiliandike kwenye daftari mpaka akuonyeshe.