Mshumaa Mdogo Ukikusumbua, Anza na Utambi

Mshumaa ukiwaka vibaya, wageni wengi wa kazi hii huilaumu nta. Wanabadilisha duka, wanaongeza hiki na kile kwenye sufuria, na mshumaa unaofuata unasumbua vilevile. Kwa mishumaa midogo ya glasi na ya kalibu, yaani chombo cha kuumbia mshumaa, yenye kipenyo cha sentimita 3 hadi 7, kosa mara nyingi liko kwenye utambi au kwenye joto la kumiminia. Yote mawili yanaonekana kwa macho ukijua pa kutazama.

Ila kwanza jambo la sokoni. Ombeni "nta ya mishumaa" au "nta ya parafini". Ukitaja parafini peke yake, hasa Kenya, utapimiwa mafuta ya taa, na hayo hayaingii kwenye sufuria hii hata tone. Nta nzuri ya kuanzia ni ile nyeupe ya mabamba yenye alama 58/60: hizo ndizo nyuzijoto inakoyeyukia. Ya 50 hadi 54 ni laini, inafaa ndani ya glasi tu. Mishumaa ya kusimama iliyomiminwa kwa nta hiyo laini, katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, inaweza kuinamisha shingo kabla haijawashwa.

Sasa jaribio. Washa mshumaa mmoja mahali pasipo na upepo, uuache saa 1 kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo. Wa sentimita 5 utaupa saa 2. Kisha inama uutazame. Dimbwi la nta iliyoyeyuka likiwa limefika ukingoni, au limebakiza milimita chache, na kina chake hakizidi sentimita 1, utambi umekubali. Ukiona kisima katikati na kuta nene za nta pembeni, utambi ni mwembamba. Mwali ukiwa mrefu na unachezacheza, mdomo wa glasi una masizi, na kichwa cha utambi kimevimba kama uyoga, utambi ni mnene. Uyoga huohuo huota pia pale harufu ilipozidi, au utambi ulipowashwa bila kukatwa. Kata ubaki milimita 5 kila kabla ya kuwasha.

Kisima kina sababu nyingine isiyohusu mikono yako: aliyenunua aliuzima baada ya dakika 20. Nta hupenda kuyeyuka hadi pale ilipoishia mara ya kwanza, kwa hiyo mwambie mteja asiuzime mapema siku ya kwanza. Uliokwisha kuchimbika unaokolewa. Funika mdomo wa glasi kwa karatasi ya foili, acha tundu pana katikati, uwashe. Kaa nao karibu, maana glasi itapata moto; kuta zikishayeyuka na kujisawazisha, ondoa foili kwa koleo.

Wanaosuka utambi wenyewe wahakikishe uzi ni pamba tupu. Choma ncha: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, nailoni na poliesta hujikunyata na kuacha kishanga kigumu. Suka nyuzi tatu kama msuko wa nywele, usizisokote tu. Utambi uliosukwa hujipinda kidogo unapowaka, ncha yake ikatokeza ubavuni mwa mwali na kuteketea yenyewe. Uloweke saa 12 kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye kijiko 1 cha chakula cha chumvi na vijiko 2 vya boraksi (unga mweupe wa madini), kisha uanike siku 2. Usiharakishe hapo. Utambi wenye unyevu ndio ule unaotatarika na kurusha cheche.

Ukikauka, unyweshe nta. Utumbukize kwenye nta ya nyuzijoto 75 na uutazame kwa karibu: vipovu vidogo vitapanda kandokando ya uzi kama kwenye soda. Vikikoma, hewa imekwisha kutoka. Uchomoe, uvute unyooke, uulaze juu ya karatasi. Mshumaa ambao utambi wake haukunyweshwa huwaka vizuri sekunde chache, halafu hufifia.

Kuyeyusha ni sufuria ndani ya sufuria, ya chini ikiwa na maji. Kwa njia hiyo nta haipiti nyuzijoto 100. Ikiwekwa juu ya moto moja kwa moja hupanda kimyakimya bila kuchemka, na wakati inatoa moshi iko karibu kushika moto. Ikishika, zima jiko na funika kwa mfuniko. Maji, kamwe: yanazama chini ya nta inayowaka, yanageuka mvuke papo hapo na kuirusha nta yenye moto usoni pako.

Kipimo cha nta ni rahisi. Jaza kalibu maji, yapime kwa mililita, zidisha kwa 0.9. Glasi ya mililita 150 inahitaji gramu 135. Kisha kausha chombo kabisa. Usimimine zote mara moja, na hapa ndipo lile shimo la kuzunguka utambi linapotokea. Nta ya parafini hunywea inapoganda. Inaanza kuganda ukutani na juu, katikati bado ni uji. Ule uji nao ukinywea, hauna pa kuvuta ila chini, na uso unadidimia au pango linabaki ndani bila kuonekana. Kwa hiyo bakiza kama sehemu moja ya kumi. Uso ukishafanya utando mgumu kiasi, toboa matundu 3 au 4 kuzunguka utambi kwa mti wa mshikaki, hadi karibu na kitako. Nta ikigoma kushuka zaidi, pasha ile uliyobakiza iwe moto kidogo kuliko ya kwanza na ujazie, bila kuvuka mstari wa mwanzo. Ukivuka, itapenya ubavuni na kuubandika mshumaa kwenye kalibu.

Kwa nta ya 58/60 kwenye kalibu, mimina ikiwa na nyuzijoto 80 hivi. Ikiwa baridi mno utaona pete pete ubavuni. Mabomba ya plastiki ya maji, ambayo wengi huyakata yakawa kalibu, hulegea kwenye joto hilohilo na mshumaa hutoka na tumbo. Bati ni salama zaidi. Mshumaa ukigoma kutoka, uweke kwenye friza dakika 10 hadi 15. Ukiusahau humo utapasuka nyufa kama tope lililokauka. Stearini (asidi ya mafuta iliyo ngumu kama nta), gramu 5 hadi 10 kwa kila gramu 100, huufanya mgumu na mwepesi kutoka. Lakini isiyeyushwe kwenye chombo cha shaba, maana huila shaba na kugeuka kijani.

Rangi iwe ya kuyeyuka kwenye mafuta. Ya keki ni ya maji, itashuka kitakoni kama matone. Kalamu za nta za watoto zinapaka rangi vizuri ila chembe zake huziba utambi. Manukato ya mwilini yana alkoholi, hayachanganyiki na nta na yanawaka. Tafuta mafuta ya harufu ya mishumaa, gramu 5 kwa gramu 100 za nta, upimaji uwe wa mizani. Ukizidisha, mshumaa utatoka jasho la mafuta juu.

Unaochuruzika upande mmoja, angalia dirisha kwanza, kisha kama utambi uko katikati.

Mishumaa iliyoharibika irudishe sufuriani, toa tambi, chuja kwa kitambaa cha pamba. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Yataganda ndani ya bomba. Ila nta ya mchanganyiko ina kiwango chake kipya cha kuyeyuka, na utambi uliokubali jana huenda usikubali leo. Mimina mmoja tu, uuwashe, uuangalie, kabla ya kumimina kumi.