Dawa ya saratani ikikataa: ni mwili umezoea, au ni seli?

Swali: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana saratani ya titi. Alianza dripu za ile dawa nyekundu, uvimbe ukanywea vizuri, lakini baada ya mzunguko wa 4 umeanza kukua tena. Nyumbani wanasema mwili umeshaizoea dawa, bora apumzike miezi kadhaa ndipo arudi. Ni kweli mwili huzoea? Na dawa ikishakataa, kuna njia nyingine?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. La haraka kwanza: mama asipumzike kwa uamuzi wa nyumbani. Mwili wake haujazoea kitu. Nywele zilizomtoka na kichefuchefu kinachomrudia kila akitundikiwa dripu vinaonyesha kwamba mwili bado unaisikia dawa sawasawa. Zisizoisikia tena ni seli za saratani.

Uvimbe wa sentimita 1 tu hukadiriwa kuwa na seli kati ya milioni 100 na bilioni 1, na hazifanani. Kila seli inapogawanyika hukosea hapa na pale katika kunakili vinasaba, na kwenye umati huo hutokea chache ambazo kosa lao linazikinga, pengine hata kabla ya dripu ya kwanza. Dawa inafagia nyingi, uvimbe unanywea, tunashukuru. Kumbe zile chache zimebaki zinazaana, na uvimbe unaorudi ni ukoo wao.

Zinajikinga kwa namna nyingi. Nyingine hukarabati haraka vinasaba vilivyoharibiwa na dawa, nyingine hugoma kufa, nyingine hulala bila kugawanyika mpaka dawa ipite. Ila inayohusu sana dawa nyekundu ni pampu. Mwaka 1976 watafiti Juliano na Ling, wakiwa Toronto, walieleza protini iliyojaa kwenye utando wa seli sugu, wakaiita P-glikoprotini. Hiyo ndiyo pampu yenyewe: inaisukuma dawa nje ya seli. Dawa nyekundu, yaani doksorubisini, ina tabia ya kung'aa yenyewe ikimulikwa kwa hadubini maalumu. Seli isiyo sugu utaiona kiini chake kinawaka rangi ya chungwa. Seli yenye pampu nyingi hubaki hafifu: dawa imeingia, imetapikwa. Na pampu hiyo haichagui, hutapika pia dawa nyingine za saratani kama vinkristini na paklitakseli, hivyo seli inaweza kuwa sugu kwa dawa ambayo mgonjwa hajawahi hata kupewa.

Kwa nini tusiizibe? Imejaribiwa. Mwaka 1981 mtafiti Tsuruo na wenzake Japani walionyesha kwamba verapamili, dawa ya shinikizo la damu, inarudisha nguvu ya vinkristini kwenye seli sugu za panya. Kwa binadamu, kipimo kilichohitajika kilisumbua moyo. Isitoshe, pampu hiyo tunayo sote utumboni, kwenye ini na kwenye mishipa ya damu ya ubongo, ikitukinga na sumu. Ukiizima, dawa ya saratani nayo inarundikana mwilini. Akitokea mtu wa kuwauzia verapamili kwa kazi hiyo, mkataeni.

Kinachosaidia zaidi ni kubadilisha silaha na kuzichanganya, kama kifua kikuu kinavyoanzwa kwa dawa 4 kwa pamoja: seli inayoponyoka moja inanaswa na nyingine. Kaboplatini na sisplatini, kwa mfano, hazitapikwi na pampu hii. Kwa hiyo mwombeni daktari azungumzie kurudia kuchukua kinyama na kupima upya vipokezi vya homoni na HER2 (protini inayojaa juu ya seli za baadhi ya saratani za titi), maana majibu ya sasa yanaweza kutofautiana na ya mwanzo. HER2 ikiwapo, kuna trastuzumabu, inayoikamata seli kwa nje, na pampu haina cha kutapika. Upasuaji nao uulizwe mapema kama ugonjwa haujasambaa.

Kuhusu mapumziko: zile siku 21 kati ya dripu na dripu zimepangwa ili uboho upate nafuu huku uvimbe ukinyimwa nafasi ya kujijenga. Daktari akiahirisha kwa sababu chembe nyeupe zimeshuka, hiyo ni sahihi. Miezi mitatu ya kukaa nyumbani ni zawadi kwa seli sugu.

Siku ya kliniki beba karatasi ya majibu ya kinyama cha kwanza, na orodha ya kila anachokunywa mama, mitishamba ikiwemo. Baadhi ya mitishamba huliharakisha ini kuvunja dawa, na hapo dawa itaonekana imekataa kumbe haikufika ya kutosha.