Jibu: Pedali ya draivu kwenye lupu ya ampu ya kidijitali, tafuta kwanza lupu yako imekaa wapi

Mkuu, nimesoma uzi wako mpaka mwisho. Una ampu ya kidijitali yenye lupu ya efekti (njia ya kutoa sauti nje ya ampu, kuipitisha kwenye pedali na kuirudisha), ukachomeka overdraivu yako, yaani pedali ya draivu ya kukoromesha sauti, kwenye hiyo lupu, sauti ikatoka nyembamba na yenye mikwaruzo, na ukiongeza geni (kiasi cha kukuza mawimbi) inakuwa vurugu tupu. Waliokujibu kabla yangu wanasema pedali na ampu za kidijitali hazipatani. Hapo napinga kabisa. Nimepigia gitaa ampu za aina hii kwa miaka, nyumbani na jukwaani, na draivu zangu hazijawahi kukaa kabatini. Kwa dalili ulizotaja, pedali yako ni nzima na ampu yako ni nzima. Kinachokusumbua ni mahali ulipoiweka pedali, na ukubwa wa mawimbi unaoilisha.

Tuanze na mahali, maana ndipo wengi wanapotea. Ndani ya ampu ya tyubu, lupu unaweza kuigusa kwa kidole: njia imekatwa katikati ya priampu (inayounda sauti) na paua ampu (inayoisukuma spika), yakawekwa matundu mawili, sendi ya kutolea na ritani ya kurudishia. Kwenye ampu ya kidijitali mawimbi ya gitaa yanageuzwa namba pale pale mlangoni, halafu chipu inakokotoa yote yanayofuata: modeli ya ampu (uigaji wa ampu halisi), ikwalaiza, korasi, dilei, mwangwi. Lupu ni hatua mojawapo katika hesabu hizo. Ikifika zamu yake, namba zinarudishwa kuwa umeme, zinatoka kwenye sendi, zinapita kwenye pedali zako na kuingia ritani, ambako kwenye mashine nyingi zinageuzwa namba kwa mara ya pili. Hatua hiyo inaweza kuwa popote. Kwenye prosesa kama Line 6 Helix unaihamisha kwenye mnyororo kama unavyohamisha efekti nyingine yoyote. Kuna ampu ambazo imegandishwa baada ya modeli, na nyingine imewekwa mwishoni kabisa, nyuma ya mwangwi.

Kitabu cha maelekezo kwa kawaida kina mchoro wa mnyororo huo. Kama umekipoteza, masikio yanatosha. Washa draivu kwenye lupu, ongeza mwangwi wa ndani ya ampu uwe mwingi, piga noti moja kwa nguvu kisha zima nyuzi kwa kiganja. Sikiliza mkia unaobaki. Mkia ukiwa msafi, mwangwi uko baada ya lupu. Ukikwaruza na kukoroma kama noti yenyewe, basi draivu yako inakula mwangwi mzima, na kila mrudio wa dilei unapondwa pamoja na noti mpya. Vurugu unayoisikia ukiongeza geni inaweza kuwa imetoka hapo.

Ule wembamba nao una sababu yake. Overdraivu za ukoo wa Tube Screamer, pedali maarufu ya aina hiyo, zinakata vilele vya mawimbi kwa diodi, na kwa makusudi zinapunguza geni kwa besi, kuanzia karibu na hezi 720 kushuka chini, ili nyuzi nene zisivuruge sauti. Mpango huo unadhani mambo mawili: kwamba mbele ya pedali kuna gitaa lenyewe, mawimbi madogo yanayopanda na kushuka kwa jinsi unavyogusa nyuzi, na kwamba nyuma yake kuna ampu itakayonenepesha kilichopunguzwa. Ukiiweka baada ya modeli ya ampu, yote mawili yanakosekana. Inapokea sauti iliyokwisha kubanwa na kukatwa, inaikata tena, halafu besi iliyopungua haina wa kuirudisha. Hata ukigusa nyuzi taratibu pedali haijui, kwa sababu tofauti ya taratibu na kwa nguvu imeshasawazishwa kabla haijafika.

Kama ampu yako inaweka uigaji wa kabati la spika kabla ya lupu, kuna ubaya mwingine juu ya huo. Spika ya gitaa inashuka sana kuanzia kama hezi 5,000 kwenda juu, na ndiyo inayoficha ukali wa distosheni. Draivu ikikaa nyuma ya uigaji huo inazalisha ukali mpya ambao hakuna kitu cha kuuchuja, na kwenye hedifoni utausikia kama nyuki.

Sasa ukubwa wa mawimbi. Levo ya ala, yaani mawimbi ya gitaa lenyewe, inahesabiwa karibu na dBu -20 (dBu ni kipimo cha ukubwa wa mawimbi), yaani kama volti 0.08. Levo ya laini ya kitaalamu, ile ya vifaa vya studio, ni dBu +4, yaani volti 1.23. Kati ya hizo kuna desibeli 24, karibu mara 16 kwa volti. Pedali inayokula betri ya volti 9 imetengenezwa kwa ajili ya ile ndogo. Ukiitupia levo ya laini inapasua sauti hata geni ikiwa sifuri, na utazungusha nobu zote bila kupata kitu cha maana. Tazama nyuma ya ampu kama kuna swichi iliyoandikwa -10 na +4, au ndani ya menyu kama kuna chaguo la ala au laini. Chagua ndogo. Kama hakuna chaguo, punguza levo ya sendi kisha ifidie kwenye ritani.

Na ritani nayo ina dari. Kigeuzi cha kidijitali kikizidiwa hakilainishi kama tyubu, kinakata bapa, na sauti yake ni mikwaruzo ya ghafla kwenye mapigo makali. Kuitofautisha na draivu ya kawaida ni rahisi: acha geni ilipo, teremsha nobu ya levo ya pedali peke yake. Mikwaruzo ikiondoka na sauti ikabaki na koromo lake, aliyekuwa anapiga kelele ni kigeuzi.

Hakikisha pia lupu iko kwenye mfululizo, yaani sauti yote inapita kwenye pedali. Ikiwa sambamba, sauti isiyopita kwenye pedali inachanganywa na iliyopita, na iliyopita imechelewa kidogo kwa sababu ya kugeuzwa huku na huku. Ucheleweshaji wa milisekunde 1 tu unatosha kuchimba mashimo kwenye hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea juu hivyo hivyo. Kwa mwangwi haina shida. Kwa draivu inaua kifua chote cha sauti.

Pedali ya fazi (fuzz, inayoponda sauti kuliko overdraivu) sitaizungumzia sana: iweke ya kwanza baada ya gitaa, usiiguse tena. Zile za mtindo wa Fuzz Face, iliyotoka mwaka 1966, zina ukinzani mdogo sana wa kuingilia, na utamu wake unatokana na kuunganishwa moja kwa moja na pikapu za gitaa (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi). Ukipunguza volyumu ya gitaa inasafika vizuri mno. Ikilishwa na sendi, uhusiano huo haupo, inabaki kupiga kelele kali tu.

Mimi draivu zangu ziko mbele, kwenye tundu la kawaida la gitaa, modeli ikiwa safi au imeanza kukoroma kidogo, geni ya pedali chini na levo yake juu. Modeli nzuri inasukumika kama ampu halisi, mradi usizidishe mpaka kigeuzi cha mlangoni kikalalamika. Dilei na mwangwi nyuma.

Lakini usiichukie lupu, ina kazi ambazo mbele haziwezekani. Ya kwanza ni solo. Ukiwa kwenye chaneli chafu, busta (pedali ya kuongeza nguvu ya sauti) iliyoko mbele inaongeza uchafu tu, sauti haipandi. Iweke kwenye lupu baada ya modeli, geni sifuri, levo juu, na solo inatokeza mbele ya bendi bila kubadilika ladha. Ya pili ni kupita gitaa, pedali, halafu ritani moja kwa moja, kwenye ampu ambazo ritani inaruka modeli na kwenda paua ampu. Hapo unahitaji pedali iliyo priampu kamili, za aina ya SansAmp ambayo Tech 21 waliitoa mwaka 1989. Overdraivu ya kawaida pale itatoka kavu na yenye makali.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kama lupu yako inahamishika, ipeleke kabla ya modeli. Pedali itafanya kazi kama iko mlangoni, ila sasa ampu ndiyo inaiingiza na kuitoa kulingana na priseti (mpangilio uliouhifadhi). Unakanyaga mara moja, draivu inaingia, modeli inabadilika, dilei inawaka. Kuchelewa kwa mzunguko mmoja hutakuhisi vidoleni. Mimi nakwepa tu kurundika lupu kadhaa kwenye priseti moja. Na kama kuna mvumo, weka geti ya kelele (efekti inayofunga sauti ukiwa hupigi) kabla ya sendi, kwa sababu kila kelele inayofika kwenye draivu inakuzwa nayo.

Kwa leo fanya hivi: ondoa draivu kwenye lupu, ilete mbele, zima efekti zote za ndani, chagua modeli safi, piga. Ukiridhika, rudisha mwangwi na dilei kimoja kimoja. Halafu tuandikie hapa jina la ampu, kama nyuma ina swichi ya levo, na mkia wa mwangwi ulitoka msafi au mchafu kwenye kile kipimo. Nikijua hayo nitakuambia kama lupu yako inaweza kuhamishwa, au itabaki kuwa ya busta peke yake.