Asteroidi mbili mbili zinatokeaje

Umeuliza zile asteroidi (miamba inayolizunguka jua) zinazokaa jozi, ndogo ikiizunguka kubwa, kama moja inainasa nyingine ikipita karibu, hapana bana, hiyo ni ngumu sana kutokea. Nyingi ndogo sio jiwe moja, ni rundo tu la mawe na vumbi lililoshikwa na mvutano hafifu, sasa jua linalipasha miaka na miaka na lile joto likitoka linalisukuma kidogokidogo hadi linazunguka kasi, likifika mzunguko mmoja kwa masaa 2 na kitu hivi mawe ya kwenye ikweta yanachomoka yanajikusanya pembeni, kimwezi hicho. Asteroidi Didymos inadhaniwa ilipata kimwezi chake Dimorphos hivyo, hiyo Dimorphos ndiyo NASA waliigonga na chombo chao DART 2022. Asteroidi kubwa kama Ida na kimwezi chake Dactyl ni stori nyingine, hapo wengi wanasema kimwezi kimetokana na migongano.