Fursa za kujiendeleza kwa mhadhiri mpya: anza na swali la darasani kwako

Ukishaajiriwa kufundisha chuo kikuu, haipiti miezi mingi kabla barua pepe yako haijajaa matangazo: warsha ya kutunga mitihani, kozi ya kufundisha kwa njia ya mtandao, ufadhili wa kwenda kufundisha nje, kongamano, semina ya akili unde. Wapo wahadhiri wapya wanaojiandikisha kila kitu na kukimbizana na vyeti. Wapo pia wasiogusa chochote kwa sababu wana mihadhara ya kuandaa na rundo la karatasi za kusahihisha. Nawaelewa zaidi hawa wa pili, ila wote wanakosa jambo lile lile: hawajajua wanatafuta nini.

Shahada ya uzamivu ilikufundisha kutafiti. Haikukufundisha kusimama mbele ya wanafunzi 200, wala kutunga swali linalopima kile hasa ulichofundisha, wala kumjibu mwanafunzi anayelia ofisini kwako kwa sababu amefeli. Kwa hiyo si ajabu ukijiona mchanga. Lakini "nataka kufundisha vizuri" halikupeleki popote. Jiulize jambo la karibu zaidi, kwa mfano: kwa nini wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanakokotoa vizuri, lakini nikiwauliza jibu walilopata lina maana gani wananyamaza? Ukiwa na swali la namna hiyo, kila tangazo unalipima kwa dakika mbili. Linanisaidia kulijibu, au halinisaidii?

Swali lenyewe utalipata wapi? Kwanza kwenye karatasi za majibu. Ukimaliza kusahihisha, usikimbilie kujaza alama tu. Tazama ni swali gani limewaangusha wengi, kisha uchukue majibu mabaya kama kumi ya swali hilo uyasome upya bila kalamu nyekundu. Mara nyingi utagundua kwamba hawakukosea ovyo. Wamekosea kwa namna mbili au tatu tu, na mojawapo imetokana na mfano ulioutumia wewe mwenyewe darasani.

Pili, waulize wanafunzi muhula ukiwa bado unaendelea. Wiki ya nne au ya tano, katika dakika za mwisho za kipindi, wape karatasi zisizo na majina na maswali mawili: ni nini kinakusaidia kujifunza katika kozi hii, na ni nini kinakukwaza. Kipindi kinachofuata waambie ulichosoma, utabadilisha nini, nini hutabadilisha, na kwa sababu gani. Wengi huisahau sehemu hii ya mwisho, na ukiisahau, safari nyingine utarudishiwa karatasi tupu.

Zile fomu za tathmini za mwisho wa muhula zisome, ila usizifanye hakimu. Zinakuja wanafunzi wakiwa wameshaondoka, na kinachopimwa si kile unachodhani. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti za kozi zenye madarasa sambamba yanayofundishwa na walimu tofauti, wakaonyesha kwamba alama za juu anazopewa mwalimu hazina uhusiano wa maana na kiasi walichojifunza wanafunzi wake. Chuo chako huenda kikaendelea kuzitumia hata hivyo. Zijue, zihifadhi, usikeshe nazo.

Sasa nifike kwenye fursa ninayoithamini kuliko zote, nayo haitangazwi popote: mwenzako akae darasani kwako. Simaanishi mkuu wa idara aje na fomu ya kukupima. Namaanisha mwenzako mliyekubaliana, na kinachoonekana kibaki kati yenu wawili, kisiingie kwenye jalada la ajira. Mkutane kabla, umwambie cha kutazama. "Niangalie tu" haitoshi. Mwambie, kwa mfano, aandike nauliza maswali mangapi, nasubiri sekunde ngapi kabla ya kujijibu mwenyewe, na ni nani wanaojibu. Mzungumze siku ile ile au kesho yake, na wewe uanze kusema ulichokiona kabla yeye hajafungua daftari. Utashangaa jinsi ulivyodhani umesubiri wakati hukusubiri.

Usichague mtu wa fani yako pekee. Mwenye fani yako atavutwa na maudhui. Ataanza kubishana na mlinganyo wako wa tatu. Mtu wa idara nyingine, asiyejua somo, ataona ni wapi wanafunzi wa nyuma walipofunga madaftari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wewe uende kwake. Kwa maoni yangu anayeketi nyuma huvuna zaidi ya anayetazamwa, kwa sababu pale unapata kuliona darasa kutoka upande ambao mwalimu hauoni kamwe.

Vyuo vingine vina kituo cha kuendeleza ufundishaji. Kile cha Chuo Kikuu cha Michigan kilifunguliwa mwaka 1962, na vingi vimefuata baadaye katika nchi nyingi. Kama chuo chako kina kituo, uliza kama wanafanya mahojiano ya katikati ya muhula: unatoka darasani, mtu wa kituo anaingia, anawagawa wanafunzi kwenye vikundi vidogo, wanakubaliana mambo yanayosaidia na yanayokwamisha, kisha anakuletea wewe peke yako yale waliyoafikiana. Sifa yake ni kwamba lalamiko la mtu mmoja mwenye hasira huchujwa na wenzake kabla halijakufikia.

Fursa nyingine ya karibu ni kusahihisha pamoja. Chukueni majibu kumi, kila mmoja asahihishe peke yake kwa mwongozo ule ule, kisha mlinganishe alama. Pale mnapotofautiana sana ndipo mwongozo wenu una tundu. Alasiri moja ya kazi hii itakufunza kuhusu kutunga mtihani kuliko slaidi za siku nzima.

Warsha sizikatai, ila nazichagua kwa ukali. Warsha ya nusu siku inayokuacha na makabrasha na picha ya pamoja haibadilishi darasa la mtu. Tafuta mpango unaoenda kwa majuma kadhaa, wenye kazi ya kufanya darasani kati ya kikao kimoja na kingine, na unaokutaka uje na silabasi yako. Kabla ya kujiandikisha, muulize mwandaaji: nitatoka hapa nikiwa nimebadilisha nini katika kozi yangu? Akijibu kwa kukutajia mada badala ya kazi, mshukuru na uendelee na shughuli zako.

Mada moja ina ushahidi wa kutosha kustahili muda wako, nayo ni ufundishaji unaowafanya wanafunzi watende badala ya kusikiliza tu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta kwamba wanafunzi wa madarasa ya mhadhara mtupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wale wa madarasa shirikishi. Hauhitaji vifaa. Mbinu aliyoieneza Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni hii: uliza swali la dhana lenye majibu ya kuchagua, kila mmoja achague bila kuzungumza, na kama waliopatia si wachache mno wala si karibu wote, waache wajadiliane wawili wawili kisha wachague tena. Vidole vinatosha kupigia kura. Kazi ngumu ni kutunga swali lenyewe; hapo ndipo warsha nzuri inapokufaa.

Jiandae pia kwa manung'uniko. Utafiti uliofanywa Harvard kwenye kozi za fizikia na kuchapishwa mwaka 2019 na Louis Deslauriers na wenzake uligundua kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa njia shirikishi walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara laini. Waeleze jambo hilo mapema, wiki ya kwanza, kabla hawajaamua kwamba hufundishi.

Kuhusu vyeti nitasema kidogo. Ipo stashahada au cheti cha uzamili cha ufundishaji wa elimu ya juu, na upo utambulisho wa mwalimu wa chuo kikuu unaotolewa na Advance HE, shirika la elimu ya juu la Uingereza, kwa ngazi 4, ambao walimu wa nchi nyingine pia huomba. Uzuri wa utambulisho huo ni kwamba hautaki ufanye mtihani. Unaandika juu ya kazi yako mwenyewe ukiwa na ushahidi. Kwa maana hiyo anayeanza kukusanya ushahidi leo atauandika kwa urahisi baada ya miaka miwili. Ila kabla hujalipa kutoka mfukoni mwako, uliza ofisi ya rasilimali watu maswali mawili: chuo kinalipia? Na cheti hicho kinahesabiwa kwenye kupanda cheo, au kitakaa ukutani tu?

Safari za nje zina mlango ambao wengi hawaujui. Ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, kwa walimu, kwa mfano, hauanzii kwako bali kwenye makubaliano kati ya chuo chako na chuo cha huko, na unakutaka ufundishe kwa kawaida saa 8 au zaidi kwa wiki. Kama hakuna makubaliano, hakuna ombi. Basi nenda kwanza ofisi ya ushirikiano wa kimataifa uulize orodha ya vyuo ambavyo chuo chako kimesaini navyo, kisha utafute mtu wa fani yako katika mojawapo. Fulbright ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946, DAAD, shirika la mabadilishano ya kitaaluma la Ujerumani, na mengineyo yana taratibu zao, na mara nyingi barua ya mwenyeji ndiyo inayochelewesha. Anza kumwandikia mwaka mmoja kabla. Kwenye barua usimwambie kwamba unataka kujifunza kutoka kwake. Mwambie unafundisha nini, umekwama wapi, na utawafundishia nini wanafunzi wake.

Kwa walio katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, AuthorAID, mpango ulioanzishwa mwaka 2007, hutoa bure kozi za uandishi wa kitaaluma na kumuunganisha mtafiti na mlezi wa mbali. Sijui kwa nini idara nyingi haziutaji.

Halafu kuna matapeli. Utapata mwaliko unaokuita "profesa mashuhuri" wakati bado wewe ni mhadhiri msaidizi, ukikutaka utoe hotuba kuu kwenye kongamano linalochanganya tiba, uhandisi na ushairi katika siku mbili. Muhtasari wako utakubaliwa kesho yake bila swali, na ankara itafuata. Chagua jina moja kwenye kamati yao uliloliona la maana na umwandikie mtu huyo umuulize kama anajua yumo. Kwa majarida ya bure kusoma, anza kwa kuangalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya bure kusoma yaliyokaguliwa, iliyopo tangu mwaka 2003. Kutokuwemo peke yake si uthibitisho wa utapeli, lakini ni sababu ya kuuliza zaidi kabla ya kulipa.

Nimekaa kwenye kamati za kupandisha vyeo, na niseme wazi: katika vyuo vingi makala zilizochapishwa bado zina uzito kuliko ufundishaji. Hilo halina haki sana, lakini ndivyo meza ile inavyofanya kazi. Bado ufundishaji unaweza kuinua ombi lako kama umeuandikia ushahidi. Mwombaji anayeambatisha vyeti ishirini vya mahudhurio tunavipita haraka. Mwombaji anayeonyesha swali lililowashinda wanafunzi, alichobadilisha, na majibu ya swali kama lile mwaka uliofuata, huyo husomwa mara mbili. Fungua folda leo: silabasi za kila mwaka zenye tarehe, mitihani na miongozo yake, maoni ya wanafunzi, maelezo ya mwenzako aliyekutazama akikuruhusu kuyatumia, na aya moja kila mwisho wa muhula.

Aya hizo zinaweza kuzaa makala. Utafiti juu ya darasa lako mwenyewe unakubalika kwenye majarida ya elimu ya fani nyingi, na ndiyo njia pekee ninayoijua ya kufanya kazi moja ihesabiwe pande zote mbili. Sharti lake ni kibali cha maadili kabla ya kukusanya data, si baada. Wewe ndiye unayewapa alama, hivyo mwanafunzi hawezi kukukatalia kwa uhuru. Mtu mwingine ndiye akusanye ridhaa zao, na usijue nani kakubali mpaka matokeo yametoka.

Mwaka wa kwanza fanya moja tu kati ya haya. Ningekuchagulia mimi, lingekuwa la mwenzako darasani.

Na nyie mnaofundisha kwa muda, wenye kozi moja hapa na nyingine kule: matangazo mengi hayawafikii kwa sababu orodha ya barua pepe hutengenezwa kutokana na waajiriwa wa kudumu. Mwombeni katibu wa idara awaingize kwenye orodha hiyo kwa maandishi. Na mkataba ukija kusainiwa upya, ulizeni kabla ya kusaini kama saa za warsha na za vikao vya usahihishaji zinalipwa, kisha mtake jibu liandikwe ndani ya mkataba.